Wapinzani Wawili na Lugha Moja

Palipo na hodari wawili, watu hawakosi kuuliza ni nani zaidi. Hapa Kiplombe, nje kidogo ya mji wa Eldoret, swali hilo huulizwa kila siku juu ya wakimbiaji. Mtoto wa miaka kumi aweza kukutajia majina yao, mbio zao na nyakati zao bila kusitasita. Hata hivyo, mtoto huyo huyo ajua kanuni moja ambayo hakufundishwa darasani: mkimbiaji wa mita 800 hapimwi kwa saa ya marathoni. David Rudisha alimaliza mbio zake London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Eliud Kipchoge alimaliza marathoni ya Berlin mwaka 2018 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 39. Kila mmoja aliweka rekodi ya dunia siku ile, na hapana mtu mwenye akili timamu aliyesema kwamba wa kwanza alimwacha wa pili kwa saa mbili.

Kanuni hiyo njema husahauliwa upesi tunapotoka katika mbio na kuingia katika nyimbo. Vijana wawili wakibishana juu ya waimbaji wawili, kila mmoja humwinua wake na kumzika wa mwenzake, na hakuna anayetaja mizani aliyoitumia. Insha hii yataka kupima albamu mbili za muziki wa kufokafoka, ule ambao walimwengu huuita hip hop. Zote mbili zilitoka Nairobi, zote mbili zilikuwa za kwanza kwa wenyewe, na zilitoka katika kambi mbili ambazo mashabiki wao hawakupatana. Ya kwanza ni Ni Wakati, ya kundi la Kalamashaka, iliyotoka mwaka 2001. Ya pili ni Nimefika, ya E-Sir, iliyotoka mwaka 2003. Wasomaji wengi wa kitabu hiki hawakuwa wamezaliwa. Nami nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Lakini miaka ile imekwisha kuwa historia, na historia yatupasa kuisoma kabla mashahidi wake hawajanyamaza.

Kwanza tukumbuke kwamba ushindani wa maneno si jambo lililoletwa Afrika Mashariki na meli wala ndege. Karne mbili zilizopita, Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mashairi ya kuwachoma watu wa Lamu, naye Bwana Zahidi Mgumi wa Lamu akamjibu kwa mashairi makali kama yake. Nyuma ya beti hizo palikuwa na ugomvi wa kweli wa miji, uliomalizikia katika vita vya Shela. Baadaye, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vyama vya ngoma ya beni vilienea kutoka pwani hadi bara. Marini na Arinoti walishindana kwa mavazi, kwa tarumbeta na kwa nyimbo za kejeli, na miji mizima ikagawanyika nyuma yao. Basi kijana wa leo anayesimama na kipaza sauti mkononi na kumwambia mwenzake kwamba hawezi, anafuata njia iliyokanyagwa na wazee wake, hata kama hajui.

Muziki wa kufokafoka wenyewe ulizaliwa Marekani, katika mtaa wa Bronx mjini New York. Watu wengi huhesabu mwanzo wake tangu sherehe moja ya tarehe 11 Agosti 1973, aliyoipigia santuri kijana mwenye asili ya Jamaika, Kool Herc. Miaka 21 baadaye, katika mji ule ule, zilitoka albamu mbili za kwanza ambazo hadi leo watu huzilinganisha: Illmatic ya Nas, mwezi wa Aprili 1994, na Ready to Die ya The Notorious B.I.G., mwezi wa Septemba mwaka huo huo. Mmoja alitoka Queens na mwingine Brooklyn. Wa pili aliuawa kwa risasi Los Angeles tarehe 9 Machi 1997, akiwa na umri wa miaka 24, na tangu siku hiyo ulinganisho ukawa mgumu, kwa sababu mmoja aliendelea kuzeeka na mwingine hakuzeeka tena. Tutaona kwamba jambo la namna hii lilitufika na sisi.

Hapa kwetu mbegu ilipandwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tanzania, Saleh Jabir aliuchukua wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice akautia maneno ya Kiswahili, na vijana wakaona kwamba lugha yao yaweza kukimbia na mdundo ule. Kenya, Jimmi Gathu alitoa wimbo wa kufokafoka wa kuwaonya watu juu ya ajali za barabarani. Tuliweke jambo hilo moyoni, kwani barabara itarudi katika habari hii. Baadaye Hardstone alichanganya Kiingereza na Kikikuyu katika wimbo wake Uhiki, naye Poxi Presha akafoka kwa Kijaluo. Wakati huo huo anga la redio lilikuwa likifunguka. Kwa miaka mingi Wakenya walisikiliza redio ya serikali peke yake. Mwaka 1996 Capital FM ikaanza kutangaza, na nyingine zikaifuata. Nyimbo za vijana, ambazo zamani zilikuwa na mlango mmoja tu, na mlango wenyewe mwembamba, sasa zilipata milango mingi.

Katika mlango huo waliingia Kalamashaka. Walikuwa vijana watatu, Kama, Oteraw na Johnny Vigeti, na walitoka Dandora, mashariki ya Nairobi. Dandora ilianzishwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Benki ya Dunia, kwa nia ya kuwapa watu wa kipato kidogo viwanja vyenye maji na njia, ili wajijengee wenyewe. Nia ilikuwa njema. Lakini watu wakazidi, kazi zikapungua, na karibu na nyumba hizo likawekwa jaa kubwa la taka za mji wote. Mtoto wa Dandora alikua akiona kwa macho yake vitu ambavyo Nairobi ilikwisha kuvitumia na kuvitupa, na haikuwa vigumu kwake kujiuliza kama yeye naye amehesabiwa miongoni mwa vitu hivyo.

Wimbo uliowafanya wajulikane, Tafsiri Hii, ulitoka mwishoni mwa miaka ya 1990. Jina lake ni amri: msikilizaji aambiwa afasiri mwenyewe anayoyaona. Hawakuja kutumbuiza tu. Walieleza njaa, ukosefu wa kazi, hofu ya polisi na hofu ya majambazi kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Mdundo wao haukuwa wa haraka. Uliacha nafasi ili neno lisikike na kutua. Na jina la kundi lenyewe lina mashaka ndani yake, wala halikufichwa.

Albamu yao, Ni Wakati, ilitoka mwaka 2001. Yatupasa kuukumbuka mwaka huo ulivyokuwa. Rais Daniel arap Moi alikuwa madarakani tangu 1978. Mwaka 2000 ukame ulikuwa umepunguza maji katika mabwawa hata umeme ukagawiwa kwa zamu, viwanda vikasimama saa nyingi za mchana, na uchumi haukukua. Kila mtu alijua kwamba uchaguzi wa 2002 ungeleta rais mwingine, kwa kuwa katiba haikumruhusu Moi kugombea tena, lakini hapana aliyejua mabadiliko hayo yangekuja kwa amani au kwa shari. Katika hali hiyo, maneno mawili "ni wakati" hayakuhitaji maelezo. Mwenye njaa aliyasikia kwa namna yake, mwanasiasa kwa namna yake, na kijana asiye na kazi kwa namna yake.

Vijana wa Dandora waliokusanyika pamoja na Kalamashaka walijiita Mau Mau, na baadaye, walipoungana na wenzao wenye asili ya Mombasa, wakajulikana kwa jina la Ukoo Flani Mau Mau. Mwanafunzi wa historia asilipite jina hilo haraka. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku Mau Mau mwaka 1950, na marufuku hayo yalibaki katika vitabu vya sheria miaka 40 baada ya Uhuru. Hayakuondolewa hadi mwaka 2003. Jina ambalo dola ililiacha katika orodha ya makosa, vijana wa mtaa maskini walilivaa kama nguo ya heshima. Hayo pia ni maandishi ya historia, ingawa hayakuandikwa kwa wino.

Sasa tuvuke mji. Kusini ya Nairobi, si mbali na uwanja wa ndege wa Wilson, uko mtaa wa South C. Ni mtaa wa watu wa kipato cha kati, wenye nyumba za kuta imara, maduka, misikiti na makanisa. Huko ndiko alikotoka Issah Mmari, aliyezaliwa tarehe 20 Mei 1981, na ambaye Wakenya walimjua kwa jina la E-Sir. Alirekodi na Ogopa Deejays, kampuni ambayo mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliwatoa waimbaji wengi waliopendwa, miongoni mwao Nameless na Redsan. Mdundo wa Ogopa ulikuwa mzito na wenye kurudiarudia, na uliwafaa wachezaji. Ulipopigwa ndani ya matatu, abiria aliyekunja uso alijikuta anatikisa mguu.

Juu ya mdundo huo E-Sir aliweka jambo ambalo wengi hawakulitarajia: Kiswahili kilichonyooka. Alichanganya Sheng, kama vijana wote wa Nairobi, lakini msingi wake ulikuwa Kiswahili chepesi, chenye vina vilivyofuatana bila kujikwaa. Alijisifu, kama wajisifuvyo watunzi wa majigambo tangu zamani. Alitania. Alisimulia habari za mapenzi na za sherehe. Nyimbo kama Leo ni Leo, Hamunitishi na Boomba Train, huu wa mwisho akiwa na Nameless, ziliimbwa na watoto wa shule, makondakta wa matatu na maharusi.

Albamu yake, Nimefika, ilitoka mwaka 2003. Huu nao tuukumbuke. Tarehe 27 Desemba 2002 Wakenya walipiga kura, na tarehe 30 Mwai Kibaki akaapishwa katika bustani ya Uhuru mbele ya umati mkubwa. Mwezi wa Januari elimu ya msingi ikawa bure, na watoto zaidi ya milioni moja ambao hawakuwa shuleni wakaingia madarasani. Miezi hiyo michache nchi ilikuwa na furaha ambayo wazee wailinganisha na ile ya Desemba 1963. Kijana wa miaka 21 aliyesema "nimefika" alisema juu yake mwenyewe, lakini wasikilizaji wake walikuwa na sababu ya kusema neno hilo hilo juu yao.

Furaha hiyo haikudumu nyumbani kwao. Tarehe 16 Machi 2003, E-Sir alikuwa akirudi Nairobi kutoka Nakuru, gari likapata ajali, naye akafariki. Hakuwa ametimiza miaka 22. Sisi tulio Eldoret barabara hiyo twaijua. Ni ile ile tupitayo tunapokwenda Nairobi, na nyumba nyingi katika kaunti yetu zina jina moja au mawili ambayo barabara hiyo iliyachukua. Muziki ambao katika nchi yetu ulianza kwa wimbo wa kuonya juu ya ajali, ulimpoteza mmoja wa hodari wake kwa ajali.

Sasa tuje kwenye upinzani. Tusiutie chumvi: Kalamashaka na E-Sir hawakuchukiana kama Muyaka na watu wa Lamu, wala hakuna damu iliyomwagika. Upinzani ulikuwa wa kambi na wa mashabiki, na hoja yake ilikuwa moja: wimbo wa kijana ni wa kazi gani? Watu wa upande wa Dandora waliuita muziki wa Ogopa kapuka, na jina hilo lilikuwa la dharau, kana kwamba ni ngoma tupu isiyo na neno ndani yake. Watu wa upande wa pili walipendelea kuuita boomba, na waliona kwamba wenzao wanahubiri mahali ambapo watu wamekuja kucheza. Dandora ilisema kwamba anayeimba furaha mbele ya wenye njaa ni msaliti. South C ilijibu kwa matendo zaidi ya maneno, kwamba mwenye njaa naye ana miguu na hupenda kucheza.

Ni nani aliyekuwa na haki? Tuweke mizani yetu mezani, ili msomaji aione.

Tukipima kwa ushahidi juu ya zama, Ni Wakati ina uzito zaidi. Mtu atakayetaka, miaka 100 ijayo, kujua kijana wa mashariki ya Nairobi aliwaza nini mwishoni mwa utawala wa Moi, hatayapata yote katika magazeti ya siku hizo. Magazeti yaliandika juu ya Dandora. Kalamashaka waliandika kutoka Dandora. Hiyo ni tofauti kubwa, na mwanahistoria yeyote aijua.

Tukipima kwa wepesi wa lugha na kwa watu iliowafikia, Nimefika ina nguvu zaidi. Kalamashaka walimtaka msikilizaji akae na kufikiri, na si kila msikilizaji ana nafasi ya kukaa. E-Sir alimfuata msikilizaji mahali alipo: sokoni, garini, harusini. Wala tusiseme kwamba albamu ya furaha haina historia. Nchi iliyotoka katika miaka mingi ya hofu na ikacheza, imetoa ushahidi kwa kucheza kwake. Anayesoma juu ya mwaka 2003 bila kuisikia furaha hiyo, atashindwa kueleza kwa nini uchungu uliokuja baadaye ulikuwa mkali hivyo.

Tukipima kwa kufungua njia, tangulizi ni tangulizi. Kabla ya Tafsiri Hii, wengi katika kazi hiyo waliamini kwamba kufokafoka kwa Kiswahili hakuwezi kuuzika Kenya, na kwamba kijana atakaye kusikika lazima aige sauti ya Mmarekani. Kalamashaka waliivunja imani hiyo. E-Sir alipokuja, mlango ulikuwa wazi, naye aliupita akiwa na umati nyuma yake. Aliyefungua mlango na aliyewaingiza watu wote wanastahili shukrani, lakini zisichanganywe.

Na tukipima kwa kazi ya maisha yote, hatuna haki ya kupima kabisa. Kalamashaka walipata miaka ya kukosea na kujirekebisha, na wenzao wa kambi yao walitoa kazi nyingine baada ya hapo. E-Sir aliacha albamu moja. Mashabiki wake humwazia albamu ambazo hangekosa kuzitunga, zote bora. Wapinzani humwazia kuchuja na kusahauliwa. Wote wawili wanazungumza juu ya kitu kisichokuwapo. Mwanafunzi ajihadhari sana na hoja ya namna hiyo, iwe juu ya mwimbaji au juu ya mwanasiasa aliyekufa kijana.

Lakini zaidi ya mizani hizo, liko jambo moja ambalo mashabiki, kwa kelele zao, hawakuliona. Wapinzani hawa wawili walitofautiana katika kila kitu walichogombania, na walikubaliana katika kitu ambacho hawakukigombania: wote wawili walichagua Kiswahili. Hili halikuwa jambo la lazima. Kiingereza kilikuwako, na kilikuwa na fahari. Kikikuyu na Kijaluo vilikuwa vimekwisha kuonyesha kwamba vyaweza kufoka vizuri sana. Dandora ina watu wa kila kabila, na South C hali kadhalika; kijana wa kila mtaa aliangalia waliomzunguka akaona kwamba akitaka wote wasikie, lugha ni moja tu. Kiswahili si mali ya kabila lolote la bara, na kwa sababu hiyo hakuna mtu wa bara anayejiona mgeni ndani yake.

Mtu atasema: mbona wimbo uliotikisa uchaguzi wa 2002 haukuwa wa Kiswahili? Ni swali la haki. Unbwogable, wa Gidi Gidi Maji Maji, ulitokana na neno la Kijaluo lenye maana ya kutisha, likavikwa mwanzo na mwisho wa Kiingereza, na wapinzani wa chama kilichotawala wakalifanya wito wao. Nchi nzima iliimba neno hilo. Walakini nchi nzima iliimba neno moja. Mengine katika wimbo huo wengi waliyapita kwa kunung'unika sauti tu. Neno moja lafaa kwa mkutano wa siasa. Kwa hadithi nzima ya maisha ya mtu, anayesimulia ahitaji msikilizaji atakayemfuata tangu mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo Kiswahili kilipofaa.

Kwa nini jambo hili litufae sisi wa Kiplombe? Kwa sababu tumewahi kuona watu waliosikilizana wakiacha kusikilizana. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi iliwaka moto, na kaunti yetu ya leo ya Uasin Gishu ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliopoteza maisha nchini, na mamia ya maelfu walihama makwao. Waliofukuzana walikuwa majirani walionunua chumvi katika duka moja. Siku hizo ujumbe wa chuki ulipitishwa kwa lugha za nyumbani, sirini, ili jirani asisikie. Si kosa la lugha hizo. Kila lugha ya mama ni tamu na yastahili kutunzwa. Kosa ni la waliozitumia kama ukuta. Nakumbuka jambo hilo kila nisomapo majina mawili ya albamu zetu. Wakati uliodaiwa mwaka 2001 haukuwa umefika kweli, na waliosema mwaka 2003 kwamba wamefika walikuwa bado njiani.

Sidai kwamba nyimbo zingeizuia shari ile. Nyimbo haziwezi kufanya kazi ya mahakama, ya polisi waaminifu na ya viongozi wenye haya. Ninachodai ni kidogo zaidi na chaweza kuthibitishwa: kwamba vijana wawili wa mitaa miwili, wasiokubaliana juu ya kazi ya wimbo, walibishana mbele ya nchi nzima katika lugha ambayo kila mmoja aliisikia, na katika ubishi huo hakuna aliyeulizwa kabila lake. Shabiki wa Kalamashaka aliyemdharau E-Sir alimdharau kwa sababu ya mdundo wake. Shabiki wa E-Sir aliyewachoka Kalamashaka alichoshwa na mawaidha yao. Huo ni upinzani safi, na nchi inayojua kupingana hivyo imejifunza jambo ambalo wanasiasa wake wengi hawajajifunza.

Basi, wasomaji vijana, mtakapobishana tena juu ya waimbaji wenu, bishaneni. Ubishi ni chumvi ya fikira. Lakini kabla ya kutoa hukumu, ulizeni maswali manne: Huyu alitoka wapi? Alisema mwaka gani? Alimwambia nani? Na alichagua lugha gani, na kwa nini? Zitafuteni albamu hizi mbili, mzisikilize kwa zamu, moja usiku na moja mchana, kwani kila moja ina saa yake. Kisha mwandike ni ipi mliyoipenda zaidi, na msiogope kutofautiana na mwalimu wenu. Mimi, nikilazimishwa, nitachukua Ni Wakati kwa ajili ya somo la historia, na Nimefika kwa ajili ya safari ya kwenda Nairobi. Ila tukikaribia Nakuru nitaizima kidogo, na kumwomba dereva apunguze mwendo.